Sweta Kwenye Mnyororo wa 1184

"Kiberiti, sigara, chochote cha moto. Weka hapa," alisema mzee Ewald Drewniok, akasogeza mbele kikapu cha bati.

Inspekta Roswitha Piontek alimtazama. Ilikuwa Jumatatu, siku ambayo makumbusho ya Mgodi wa Ludgera hufungwa, na getini hapakuwa na mgeni mwingine. Makaa ya mwisho yalitolewa humu mwishoni mwa mwaka 1986. Gesi ya kulipuka ilikuwa imebaki kwenye michoro ya ukutani tu. Lakini mzee wa miaka sabini na tisa, mchimbaji mstaafu anayewatembeza wageni, aliyevaa kofia ngumu nyeupe, nani atamweleza hayo?

"Mzee Drewniok, mimi ni polisi."

"Na baba yako alikuwa Alfons Piontek, fundi baruti, na hata yeye tulikuwa tunampekua mifukoni. Toa, binti."

Akatoa. Mzee akakiweka kiberiti kikapuni kwa heshima zote, kana kwamba amemnyang'anya mtu bastola, kisha akampa salamu ya wachimbaji: "Heri ya kupanda!"

"Heri ya kupanda," Piontek akaitikia bila kufikiri. Alikuwa na miaka mingi hajaisema salamu hiyo. Ilimtoka mdomoni kwa lafudhi ya baba yake.

Nyuma yake alisimama Nilufer Kalender, mwalimu wa shule ya msingi, mwanamke wa miaka arobaini na minne mwenye koti la mvua na macho ya mtu asiyelala vizuri. Drewniok alimshika mikono yote miwili.

"Mama anaendeleaje?"

"Daktari anasema wiki mbili, Ami. Labda tatu. Moyo umechoka."

"Nitakuja Jumapili na supu ya njegere."

"Njoo. Anakuulizia."

Piontek aliyasikia hayo yote akayaweka akilini. Ndani ya mkoba wake mlikuwa na faili la mwaka 1986 lenye kurasa tatu tu, na jina la Drewniok lilikuwemo kwenye ukurasa wa pili.

"Mzee, nitakuhitaji baadaye kidogo," alisema. "Nisubiri kwenye chumba cha taa."

"Niende wapi tena? Huku ndiko kwangu," akajibu Drewniok, akaondoka akiburuta mguu wa kushoto, akipiga mluzi.

*

Kesi yenyewe ilianzia shingoni mwa Nilufer. Siku kumi zilizopita aliwaleta wanafunzi wake kutembelea mgodi, na walipofika kwenye ukumbi wa kuogea, mtoto mmoja akauliza kwa nini nguo zinaning'inia darini. Nilufer akainua shingo aangalie. Kati ya mamia ya minyororo, mita kumi juu, akaona sweta la rangi ya haradali lenye mkono mmoja wa kahawia.

Mama yake, Gulizar, alilifuma sweta lile majira ya baridi ya mwaka 1985. Uzi wa haradali ulimwishia mkono wa kushoto, akamalizia na wa kahawia. Idris Kalender, mumewe, alilivaa kwenye picha moja iliyosalia. Picha nyingine Gulizar alizichoma zote, kwa sababu tarehe 12 Machi 1986 Idris alikwenda zamu ya asubuhi na hakurudi tena nyumbani. Mgodini walisema alionekana akitoka getini. Baada ya wiki moja ikasemekana amerudi kwao Zonguldak, Uturuki, kuna mwanamke. Gulizar akabaki na mtoto wa miaka sita na aibu ya mtaa mzima.

"Sitaki kumfunga mtu," Nilufer alikuwa amemwambia Piontek ofisini. "Nataka jambo moja tu kabla mama hajafumba macho. Baba alituacha, au hakutuacha?"

*

Mkuu wa makumbusho aliwapokea mlangoni mwa ukumbi wa kuogea. Aliitwa Daktari Torben Haselhoff, na alikuwa daktari wa vitabu, si wa sindano. Alikuwa kijana mwenye adabu nyingi na wasiwasi zaidi.

"Inspekta, nisingependa uje kupoteza muda," alianza. "Nguo hizi ni mapambo. Tulizitundika mwaka 1999 tulipofungua makumbusho. Watu walitoa nguo zao za zamani, tukaweka. Huenda familia ya Kalender walitoa hilo sweta wakasahau."

"Mama alichoma hata soksi zake," alisema Nilufer.

Piontek alikuwa amesimama katikati ya ukumbi, uso juu. Hakuwahi kuruhusiwa kuingia humu alipokuwa mtoto. Alikuwa akimsubiri baba nje, karibu na baiskeli. Lakini harufu aliijua. Sabuni ya kipande, klorini, na ule ubaridi wa vigae vilivyolowa. Baba alikuwa akitoka humu na nywele mbichi, macho yamezungukwa na weusi usiotoka kwa sabuni yoyote, kama mtu aliyepaka wanja. Mfukoni alikuwa na kipande cha mkate alichokibakiza makusudi, na kila siku alisema kapewa na sungura wa chini ya ardhi. Roswitha aliula mkate ule mkavu kuliko keki yoyote, na aliamini habari za sungura mpaka darasa la tatu. Alitamani kusimama pale kidogo zaidi, lakini kazi ni kazi.

"Nielezee mpangilio, Daktari, kama unavyowaelezea wageni."

Haselhoff akachangamka. "Kila mchimbaji alikuwa na minyororo miwili. Mmoja upande huu mweupe, kwa nguo za nyumbani. Mwingine upande ule mweusi, kwa nguo za kazi. Katikati ni mabomba ya kuogea. Asubuhi anashusha ndoano yake hapa, anavua, anatundika, anavuta mnyororo hadi darini, anafunga kwa kufuli. Anavuka uchi hadi upande mweusi, anavaa nguo za kazi, anapandisha ndoano tupu, anafunga. Jioni kinyume chake. Juu kuna hewa ya moto, nguo zinakauka, na hakuna anayeweza kuiba."

"Ufunguo anakaa nao nani?"

"Mwenyewe. Hakuna wa akiba. Ilikuwa mwiko mkubwa kugusa mnyororo wa mwenzako."

Piontek akaitembelea safu taratibu, akiangalia chini ambako minyororo ilifungwa kwenye chuma chenye namba. Alipofika 1184 akachuchumaa.

"Nguo mlizotundika ninyi mlizifunga kwa nini?"

"Kwa waya. Tungenunua kufuli mia mbili za nini?"

"Basi njoo uone. Huu wa 1180 una waya. 1181 waya. 1183 waya. Huu una kufuli, na tundu la ufunguo limezibwa na vumbi hadi limekuwa gumu. Orodha yenu ya nguo zilizotolewa unayo?"

Haselhoff alikuwa nayo kwenye simu. Akatafuta. Akatafuta tena, polepole zaidi.

"1184 haimo," alisema. "Pengine tuliuruka. Safu hii hatuigusi. Mzee Drewniok alituonya tangu siku ya kwanza kwamba kapi za huku zimeoza, mnyororo unaweza kumwangukia mtu."

"Alimwonya nani kwanza, wewe au wafanyakazi?"

"Wote. Kila mwaka anarudia."

Piontek akapiga picha ya kufuli, ya namba, na ya sweta juu darini. Akavaa glavu. Akamwomba Haselhoff aandike saa na asimame kama shahidi, kisha akalikata kufuli kwa mkasi wa chuma. Alijiandaa kwa mnyororo uliokwama. Mnyororo ukateremka laini, kapi halikulia hata kidogo. Akapitisha kidole kwenye pingili: grisi, na haikuwa ya miaka thelathini na minane.

"Kapi limeoza vizuri sana," alisema.

Nguo zilifika usawa wa macho. Nilufer aliziba mdomo kwa mkono. Sweta, suruali ya kahawia, shati, koti jepesi. Viatu vilifungwa kamba pamoja, na ndani ya kila kiatu soksi moja. Piontek alivitoa vitu kimoja kimoja na kuvipanga kwenye karatasi nyeupe juu ya benchi, akivitaja kwa sauti ili Haselhoff aandike. Saa ya mkononi, imesimama. Leso. Kadi ya daktari wa meno: Jumatano, 12 Machi 1986, saa kumi jioni.

"Mtu anayetoroka na mwanamke hapangi kung'oa jino siku hiyo hiyo," alisema Haselhoff, ambaye wasiwasi ulikuwa umeanza kumtoka na nafasi yake kuchukuliwa na kitu kingine.

Piontek aliingiza vidole kwenye soksi ya pili. Kwenye ncha kulikuwa na kitu kigumu. Akakitoa, akakiweka kwenye kiganja chenye glavu. Pete ya ndoa.

"Chini hawakuruhusiwa pete," alisema kwa sauti ndogo. "Ikinaswa na waya, kidole kinakwenda nayo. Baba yangu alikuwa akiificha pale pale."

Nilufer alikaa kwenye benchi. Hakulia, alilikodolea macho lile sweta tu, na mkono wake ulikuwa unataka kuligusa na hauthubutu.

"Gusa," alisema Piontek. "Nimeshapiga picha."

Akaugusa mkono wa kahawia.

*

Upande mweusi ulichukua dakika tano. Mnyororo wa 1184 ulikuwa juu, umefungwa kwa kufuli kama lile la kwanza, na ndoano yake ilikuwa tupu.

"Kwa hiyo?" aliuliza Nilufer.

"Nguo za nyumbani zipo, nguo za kazi hazipo. Huo ni mpangilio wa mtu aliye chini kazini." Piontek alisita, halafu akalisema lote, maana mwanamke yule alistahili. "Baba yako alishuka, Nilufer. Hakupanda."

"Lakini haiwezekani," alisema Haselhoff. "Kulikuwa na ubao wa vibati vya namba. Kila mtu anachukua kibati chake anaposhuka, anakirudisha anapopanda. Kikikosekana kimoja, king'ora kinalia na mgodi wote unamtafuta. Na kibati cha 1184 kipo ubaoni. Nakifuta vumbi kila mwezi."

"Na taa yake ya kichwani?"

Haselhoff alileta daftari la taa la mwaka ule kutoka kabatini. Mwandiko ulikuwa wa wino wa bluu. *12 Machi. Kibati 1184 kimerudi. Taa 1184 haikurudi. Mwenyewe ameonekana akitoka getini, inadhaniwa kaiba.* Chini yake sahihi ya nyapara wa zamu, Brandhoff.

"Brandhoff alifariki mwaka 2003," alisema Haselhoff.

"Najua. Nilianza na yeye." Piontek akafunga daftari. "Hebu tumwangalie huyu mwizi wetu. Anapanda kutoka shimoni amevaa buti na kofia ngumu, mweusi tii. Haogi. Anaacha viatu, saa na pete. Anakwenda Uturuki Machi, baridi hii, na amebeba taa yenye betri ya kilo tatu kiunoni. Huyo mwanamke wa Zonguldak alikuwa na giza kiasi gani nyumbani kwake?"

Haselhoff alitaka kucheka, akamwona Nilufer, akajizuia.

"Kibati kilipanda bila mtu," Piontek akaendelea. "Taa haikupanda kwa sababu ilikuwa kichwani mwake. Yupo aliyekibeba kile kibati akakitundika. Aliyafikiria mengi huyo mtu. Kilichomshinda ni minyororo hii miwili, maana ufunguo hakuwa nao."

*

Chumba cha taa kilikuwa kidogo na chenye joto. Drewniok alikaa mbele ya rafu, akisugua taa ya shaba kwa kitambaa. Pembeni kulikuwa na chupa ya kahawa na picha ya njiwa wake wa mashindano.

"Nilisikia mnyororo ukishuka," alisema bila kugeuka. "Nausikia hata kwa mbali."

Piontek aliketi mbele yake, akaweka daftari mezani. Nilufer alisimama mlangoni. Inspekta angeweza kumtoa nje, na kanuni zilitaka amtoe. Hakumtoa.

"Nina maneno yako ya mwaka 1986, mzee. Nikusomee?"

"Miwani sina. Soma."

"'Mimi na Kalender tulipanda pamoja saa nane na nusu. Tulioga. Nilimsugua mgongo kama kila siku. Akavaa, akaniaga, akatoka getini na mfuko.' Ni yako?"

"Ni yangu."

"Ulimsugua mgongo."

"Kila siku miaka kumi na moja. Mgongo wako huusugui mwenyewe, Rosi. Mimi nasugua wake, yeye wangu. Alikuwa na kovu la bluu hapa, chini ya bega, makaa yaliingia kwenye jeraha." Alionyesha kwa kidole mgongoni pake mwenyewe. "Huwa nawaambia wageni: kule chini hakuna Mjerumani wala Mturuki, wote weusi."

"Ili umsugue mgongo, ilibidi avue nguo za kazi azitundike upande mweusi."

Mzee aliendelea kusugua taa.

"Na ili atoke getini, ilibidi avae za upande mweupe. Alivaa nini siku hiyo, mzee? Suruali ya rangi gani?"

"Sikumbuki."

"Unakumbuka kovu, hukumbuki suruali."

"Miaka mingi, binti."

"Suruali ya kahawia. Nimetoka kuishika sasa hivi. Na mnyororo wake una grisi mpya. Nani ameipaka?"

Kitambaa kilisimama. Drewniok aliiweka taa mezani kwa uangalifu, akavua kofia ngumu. Kipara chake kilikuwa cheupe sana.

"Mimi," alisema. "Kila Machi. Mnyororo mkavu hukatika."

"Umekuwa na funguo za jumba hili miaka ishirini na tano. Mkasi wa chuma upo pale ukutani. Ungelikata kufuli siku yoyote, ukachoma kila kitu, na mimi leo nisingekuwa na kesi. Kwa nini hukukata?"

"Mnyororo wa mwenzako hauguswi."

"Mzee."

"Ningezishusha, nani angejua kwamba hakupanda?" Sauti ilimpasuka. "Ndicho pekee kilichokuwa kinamsemea. Mimi sikuweza. Kila siku nilipita chini yake na wageni, nikasema moyoni, leo atatokea mtu atauliza. Watu laki ngapi wamepita humu! Wanapiga picha tu."

Nilufer alisema kutoka mlangoni, "Nini kilitokea, Ami?"

Mzee hakumgeukia. Alizungumza na taa.

"Tulikuwa ngazi ya sita. Kuna njia ya zamani ilikuwa inafungwa, na Brandhoff alitaka zile nguzo za chuma zitolewe kabla hatujaiacha. Kazi ile haifanywi na mtu mmoja, ni amri. Mmoja anang'oa, mmoja anasikiliza dari. Zamu ilikuwa inaisha. Brandhoff akaniambia mimi nibaki nifunge vifaa, akamwambia Idris aingie peke yake, nguzo mbili tu, dakika kumi. Joto kali, alikuwa kifua wazi. Koti lake lilikuwa limetundikwa kwenye nguzo karibu na mimi. Kibati kilikuwa kwenye koti. Ufunguo alikuwa anauvaa shingoni kwa kamba ya kiatu."

"Kwa nini alitumwa baba?" aliuliza Nilufer. "Si mlikuwa wote weusi?"

Drewniok aliikunja ncha ya kitambaa, akaikunjua.

"Endelea," alisema Piontek.

"Dari ikashuka. Brandhoff akanishika hapa, kwenye shingo ya shati. Akasema: wakaguzi wakijua alikuwa peke yake, kesho wanafunga mgodi, watu elfu moja na mia mbili wanarudi nyumbani. Akasema huyu amekwisha, tuwafikirie walio hai. Akanipa koti. Nikalibeba." Alijifuta uso kwa kitambaa cha taa, ukabaki na mstari mweusi. "Na mgodi ukafungwa. Miezi tisa baadaye, ukafungwa tu."

"Alikufa papo hapo?"

"Papo hapo," alijibu Drewniok upesi.

Piontek aliandika. Akachora mstari chini ya neno la mwisho, akafunga daftari.

"Nitakwambia sheria inasemaje, maana utaniuliza. Aliyekutuma amekufa. Uongo wako kwa polisi, kutotoa taarifa ya ajali, vyote muda wake wa kushtakiwa ulikwisha zamani. Utasaini maelezo mapya, kisha utarudi nyumbani kwa njiwa wako."

Mzee alimtazama kama mtu aliyepanga foleni siku nzima akafungiwa dirisha usoni.

"Hakuna kitu?"

"Hakuna."

"Kipo," alisema Nilufer. Aliingia chumbani, akatoa simu mfukoni, akaiweka mezani kati ya taa na chupa ya kahawa. "Umekula kwetu kila sikukuu. Umecheza ngoma kwenye harusi yangu. Umemwona mama akimlaani baba mbele yako, ukanywa chai. Mwambie wewe."

"Nilufer, mwanangu—"

"Mwambie wewe, Ami. Mimi nikimwambia atadhani nampoza."

Alibonyeza, akawasha spika. Simu ililia mara nne, ikapokewa. Sauti iliyotoka ilikuwa nyembamba lakini changamfu.

"Nilufer? Umekula?"

"Mama, nipo na Ami Ewald. Ana neno."

"Shemeji! Supu yako iko wapi?"

Drewniok aliinamia simu, mikono imeshika ukingo wa meza. Alianza mara mbili akashindwa. Mara ya tatu akasema yote bila kupumzika: nguzo, koti, kibati, Brandhoff, uongo wa mwanamke wa Zonguldak ambao aliujua ni uongo tangu siku ulipozaliwa. Hakujitetea.

"Hakuondoka," alisema Gulizar.

"Hakuondoka, shemeji. Pete yake imepatikana kwenye soksi. Sweta lako lipo."

"Hakuondoka," alirudia, safari hii kwa mwanawe, na Nilufer akaitikia, "Ndiyo, mama," na hapo ndipo machozi yalipomtoka.

Piontek aliangalia dirishani, kwenye mnara wa mgodi na magurudumu yake mawili yaliyosimama. Alikuwa amekuja kupata jibu na amelipata. Akaanza kuvuta zipu ya mkoba.

"Shemeji," alisema Gulizar. "Aliita?"

Mzee aliivuta taa ya shaba, akaanza tena kuisugua.

"Baba yangu naye alikuwa mchimbaji, kule Zonguldak. Dari ikishuka kuna wanaokwenda mara moja, na kuna wanaoita. Sikuulizi ili nikulaani, laana zangu zimekwisha, nimezimalizia kwa asiyestahili. Nakuuliza ili nijue. Aliita?"

Drewniok aliangalia mlango. Akamwangalia Nilufer. Piontek, ambaye kwa miaka ishirini na sita ameona watu wakitafuta uongo, alimwona akiutafuta na kuukosa.

"Aligonga," alisema. "Kulikuwa na bomba la hewa, linapita mpaka kwenye lifti. Aligonga kwa jiwe. Tano, anapumzika. Tano, anapumzika. Brandhoff akasema ni bomba linapoa." Alishusha pumzi. "Tulipanda lifti bado anagonga, shemeji."

Kwenye simu kilisikika kitanda kikilia kwa mtu anayejigeuza.

"Nilufer," alisema Gulizar hatimaye, "kata simu. Njoo nyumbani."

Nilufer alichukua simu akatoka bila kumtazama mtu. Hatua zake zilisikika kwenye vigae vya ukumbi, zikapita chini ya minyororo, zikaisha.

Drewniok alibaki ameinama. Baada ya muda alinyoosha mikono yote miwili mezani, viganja juu, mikono mikubwa yenye madoa ya bluu kama ya Alfons Piontek.

Inspekta alirudisha mkoba sakafuni. Kosa la kuficha maiti muda wake wa kushtakiwa ulikwisha zamani. Kumwacha mtu hai afe ili kosa lisijulikane ni mauaji, na mauaji hayana muda.

Alifungua daftari ukurasa mpya, akaandika tarehe na saa.

"Tuanze upya, Ewald," alisema. "Aligonga kwa muda gani?"